Dawa ya Fortunata

Fortunata alipitiwa na usingizi wima, pasi mkononi, asubuhi kweupe. Kilichomwamsha ni harufu ya kanzu ya bwana ikiungua. Madam hakugomba. Aliitazama kanzu, akamtazama na yeye, kisha akamwambia avae viatu waende kliniki, maana hawezi kuwaacha watoto wake na mgonjwa.

Mgonjwa! Nani angepona na yule bibi, mama mkwe wa madam? Mchana kutwa analala, usiku yuko macho, na akiwa macho miguu yake sharti ikandwe. Bibi akisinzia alfajiri, Fortunata anaingia jikoni, anapika, anawavalisha watoto sare. Watoto wenyewe taa yao huzimwa saa mbili. Madam anasema kukesha kunaharibu akili ya mtoto.

Huu ulikuwa mwaka wake wa pili Uarabuni. Mikono inatetemeka, moyo unampiga mpaka masikioni. Ijumaa moja alikuwa akiongea na mwanawe kwenye simu, jina la mtoto likampotea kabisa. Agnes. Alilia kwa aibu, amejifungia stoo. Hizo simu za kila Ijumaa ndizo pumzi yake, hana nyingine.

Kliniki walimkuta nesi wa Mombasa, jina lake Kijakazi. Fortunata aliposikia Kiswahili alitaka kumkumbatia. Nesi akampima presha, akarudia, uso ukabadilika. Akauliza kwa Kiingereza huyu analala saa ngapi. Madam akadakia kwamba wasichana hawa hukesha na simu mpaka kunakucha.

"Ni kweli, dada?" nesi akamgeukia kwa Kiswahili.

Madam hakujua Kiswahili hata neno. Fortunata angeweza kusema yote pale pale. Lakini nesi atamwambia daktari, daktari atamuuliza madam, na madam atapiga simu moja tu kwa wakala aliyemleta: khalas, yamekwisha, arudishwe kwao. Kule nyumbani Agnes anakula kwa mkono huu huu unaotetemeka.

"Ni kweli," akasema. "Ni simu."

Nesi akasonya. "Mwajiua wenyewe, kisha lawama apewe tajiri wenu." Akamshauri madam amnyang'anye simu, alale mapema, presha itashuka.

Ndani ya gari madam akanyoosha mkono bila kugeuka. Fortunata akaiweka simu kwenye kiganja chake.

"Ni kwa afya yako," madam akamwambia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya upole.

Saa mbili usiku taa ya watoto ikazimwa. Simu ilikuwa imefungiwa ndani ya droo ya sebuleni, na ufunguo anao madam. Fortunata alikuwa akipita na beseni la mafuta ya kukandia alipoisikia ikitetemeka mle ndani. Ilikuwa Ijumaa. Akasimama. Ikanyamaza, ikaanza tena, na kengele ya bibi nayo ikalia.

Akaenda. Bibi akanyoosha miguu, akalalamika kwamba mikono ya Fortunata leo haina nguvu.