Ukuta wa Kurasini

Ukuta wa ghala jipya la Kurasini uliwaangukia watu mchana, masika yakiwa yamekolea. Vibarua walikuwa wamejibanza chini yake wakila muhogo, maana hapakuwa na banda la kujikinga na mvua. Wanaume watano walikufa. Mmoja wao alikuwa Gaspar, mwimbaji wa sauti nzito katika kanisa dogo la Temeke, mtu wa Bukoba kama mchungaji wake, Kamugisha.

Mdogo wake Gaspar, Audax, alikuwa kibarua palepale. Alimweleza mchungaji.

"Niliuona ufa jana yake. Nikamwambia msimamizi. Akanijibu, kama naogopa kuta nirudi kwetu nikalime."

Makaburini Kamugisha aliongoza sala, akasema Mungu amewaita watumishi wake, akatupia udongo. Watu walipoanza kutawanyika, Kokushubila, mjane wa Gaspar, alimvuta pembeni, mtoto mgongoni.

"Baba Mchungaji, najua Audax amekueleza. Nakuomba usiyaseme kanisani. Nyumba tunayokaa ni ya kampuni, na Audax ndiye anayetulisha sasa. Niache nimlilie mume wangu kwanza."

"Nimekusikia, mwanangu," alisema, na siku ile alimaanisha.

Lakini katikati ya wiki alipita Kurasini, akakuta vibarua wamepandishwa kwenye ukuta wa pili wa ghala lilelile. Nao ulikuwa na ufa, mpana kiasi cha kupitisha vidole. Akamfuata msimamizi, ambaye alimpokea vizuri na kumpa kiti.

"Mchungaji, wale siku yao ilifika. Si ndivyo ulivyosema mwenyewe makaburini?"

Kamugisha akainuka kitini, akaondoka.

Jumamosi alikwenda kwa Kokushubila amwombe amfungue katika ahadi ile. Alimkuta sakafuni akikunja mashati ya marehemu, macho yamevimba. Akakaa naye, akambembeleza mtoto, kisha akaondoka bila kusema lililompeleka.

Jumapili, mimbarani, alilisema.

"Ndugu zetu hawakuitwa na Mungu. Nilikosea kusema vile. Wameuawa na uzembe. Msimamizi alionywa, akapuuza, na sasa amewapandisha wengine kwenye ukuta mbovu kama ule. Damu hiyo Mungu ataidai."

Kokushubila, aliyekaa mbele na wajane wenzake, aliinamisha kichwa. Audax alitazama mlango. Hamkuwa na mtu mle ndani asiyejua ni nani aliyemwonya msimamizi.

Kesho yake Audax alifukuzwa kazi. Haukupita muda wajane nao wakatolewa katika nyumba za kampuni, vyombo vyao vikawekwa nje mvuani. Afisa wa serikali alikuja kuulizauliza, lakini Audax alikuwa ameshakwenda Tanga kutafuta kazi ya mkonge, na waliobaki walisema hawakuona kitu. Ujenzi ukaendelea kwenye ukuta ule wa pili, kwa vibarua wapya kutoka Rufiji ambao hawakuwa na habari.

Kokushubila alihifadhiwa na Mwanabaraka, mama wa Kizaramo aliyekuwa akimuuzia samaki. Kamugisha alimfuata huko, akamkuta barazani.

"Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nitawaokoa wale waliobaki."

"Umewaokoa?"

Kamugisha akavua kofia, akaiweka mapajani.

"Sikatai, ulisema kweli," Kokushubila alisema. "Lakini nilikuwa na mahali pamoja tu pa kumlilia Gaspar, ukanitoa. Wale wa kampuni sikuwatarajia wanihurumie. Wewe ulikuwa wangu."

"Basi tuombe."

"Ukaombe kwako, Baba."

Akambeba mtoto, akaingia ndani. Kamugisha alibaki amekaa, kofia mapajani, akisubiri asijue anachosubiri. Mwisho Mwanabaraka akatoka, akamwambia kwa upole, "Wamelala, Mchungaji."

Aliporudi wiki iliyofuata, chumba kilikuwa kimefagiliwa, mkeka umeegeshwa ukutani. Kokushubila alikuwa amepanda treni ya kwenda bara, arudi kwao.

"Ameniachia salamu?"

Mwanabaraka alitaka kumdanganya, akashindwa.

"Hapana," alisema. "Hakuacha."