Geti la Mfereji wa Mang'ola

Geti la kugeuzia maji lilirudi karakanani Karatu juu ya lori la vitunguu, na Hhando, mwenyekiti wa mfereji wa Mang'ola, akashuka nalo amenuna. Lilikuwa jembamba mno. Maji yalilipita pembeni yakaishia bondeni, huku miche ikinyauka.

"Fundi Emilian, tukikosa maji wiki hii, msimu ndio umekwenda."

Emilian hakuwa mtu wa kukosea, na sifa hiyo alijipa mwenyewe kila siku. Geti alilikata kwa mchoro ulioko ukutani, aliouvika plastiki ili vumbi jekundu lisiule. Katika karakana yake, mchoro ukishavikwa plastiki umekuwa amri. Basi kosa lilikuwa la binti yake Eva, anayechora kwa kompyuta. Akaingia ofisini na hasira zake zote.

"Umenichorea mfereji wa wapi?"

"Baba, ulipanuliwa baada ya mvua. Nilibadilisha, nikakuletea karatasi mpya. Ukafutia grisi."

Emilian akaikumbuka ile karatasi. Haikuwa na plastiki, nani angeiheshimu?

"Tazama," Eva akasema. Kwenye kioo cha kompyuta geti lilisimama zima, kama la kushikika. Akalirudisha kwenye upana wa zamani, kisha akaandika ule mpya. Geti likatanuka. Akafungua michoro: ya mbele, ya ubavuni, ya fremu, ya matundu ya bolti. Yote ilikuwa imebadilika pamoja nalo.

Emilian akashika kiti. Enzi za ujana wake, kipimo kikibadilika alifuta chaki sakafuni na kuanza upya, kipande kwa kipande, na hakikukosekana kimoja cha kusahaulika. Hapa halikusahaulika hata tundu. Alihisi hofu tamu, kama utotoni alipofikishwa ukingoni mwa kreta, lile shimo kubwa la volkano, ukungu ukafunguka, akaona ng'ombe wadogo kama siafu huko chini.

"Rudia," akanong'ona. Eva akarudia. "Tena, mwanangu."

Kisha akatoka mbio hadi ukutani. Upana ulikuwa ule ule wa zamani.

"Na huu mbona haujabadilika?"

Eva, aliyemfuata, alijizuia kucheka. "Huo ni karatasi, Baba. Huo unakungoja wewe."

Emilian akaubandua, plastiki na yote. Karakana ilibakiwa na bamba moja tu la chuma la kutosha. Akawasha grainda ya kukatia. Safari hii kila kipimo alimwomba Eva amsomee kwanza, ndipo akakata.

Kule Mang'ola walilishusha geti taratibu. Likakaa. Maji yakasita, yakapanda, yakageukia mashambani, na Hhando akayafuata akiwaita wenzake kwa Kiiraqw. Kila mtu alitazama maji. Emilian alimtazama binti yake, aliyesimama ukingoni na tope miguuni.

"Eva," akasema, "kumbe nimekaa nyumba moja na wewe miaka yote hii, nisikujue."