Mzee Futi Ameitwa Tena

Mama Pazia alikuwa amebana pini mdomoni, anakunja pindo la pazia la mteja wa nyumba ya kona, mumewe alipoingia dukani kufungua kompyuta. Alivaa soksi za kijivu bila viatu. Alizipangusa kwenye zulia la mlangoni, maana hata kabla ya kufa hakupenda kuingiza vumbi ndani, kisha akavuta kiti, akaketi mbele ya mashine na kupepesa macho. Mashine ikafunguka, ikamkaribisha kwa majina yake yote.

"Dirisha la sebuleni au la chumbani?" akauliza.

Mama Pazia alitema pini kiganjani. "La sebuleni. Urefu umenitoka kichwani."

Mzee Futi akamsomea vipimo, naye akatandaza kitambaa na kukata. Mzee alimtazama kidogo, akasema mkasi unataka kunolewa, akaaga na kuondoka. Walimzika kabla mvua hazijaanza, na sasa mvua zilikuwa zinaelekea kwisha.

Wateja ndio waliompa jina la Mzee Futi, kwa kuwa hakuonekana mahali bila futi yake ya kupimia, iwe kazini au harusini. Yeye na mkewe walikuwa chanda na pete. Yeye alikwenda kwa watu kupima madirisha na kuviingiza vipimo kwenye kompyuta, mkewe alishona, na duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, penye cherehani, meza ndefu na marobota ya vitambaa hadi darini. Kompyuta ilifunguka kwa uso wake tu. Binti yao alimshauri aweke na neno la siri, mzee akacheka. "Neno la siri naweza kulisahau," alisema. "Uso nitausahau wapi?"

Alifariki alfajiri, usingizini, bila kumsumbua mtu. Namba za simu za ndugu zote zilikuwa kwenye kompyuta. Binti yao, ambaye aliitwa Chapuchapu tangu utoto na hajawahi kungoja chai ipoe, aliichukua ile mashine akailekeza usoni kwa baba yake pale pale kitandani. Mashine ikaandika: Hatuyaoni macho yako, tafadhali pepesa. Mzee Futi, ambaye maisha yake yote hakumnyima mtu jambo dogo, akapepesa, kisha akayafumba tena. Mashine ikaandika: Mwonekano wako umebadilika kidogo, tuuhifadhi huu mpya? Chini yake palikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Baadaye. Cha Hapana hakikuwepo. Chapuchapu akabonyeza Ndiyo, ndugu wakapigiwa simu, wakaja kwa wakati, na mazishi yakaenda vizuri.

Tangu hapo kompyuta ilipowashwa, Mzee Futi alikuja kuifungua.

Tuseme ukweli, mwanzoni Mama Pazia alifurahi. Kulikuwa na siku aliiwasha bila kazi yoyote, ili tu asikie soksi zikipanguswa mlangoni. Majirani nao walizoea. Fundi seremala wa nyumba ya pili alipomkuta pale siku moja, alimwamkia kama kawaida.

"Shikamoo, Mzee Futi. Pole sana na msiba."

"Marahaba. Nimeshapoa."

Mzee hakulalamika, ila siku moja alikaa akajisugua nyayo. "Mke wangu, ile siku ulisema nisivalishwe viatu kwa sababu vilikuwa vikinibana."

"Si ulivilalamikia miaka yote?"

"Nilivilalamikia. Lakini sikujua kama nitatembea hivi."

Mkewe akampa ndala. Mzee akaondoka nazo, na aliporudi alirudi nazo, zimelika kisigino. Mama Pazia aliziangalia zile ndala. Safari za kufungua kompyuta mara mbili tatu kwa siku haziwezi kumaliza ndala namna ile.

Kisha akaanza kuja wakati mashine imefungwa.

Mara ya kwanza Mama Pazia alikuwa anabadilisha blauzi nyuma ya robota la kitambaa. "Umeniita?" mzee akauliza. Hakuwa amemwita. Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa kifuniko chake, kimya. Lakini walipoinama, waliona mwanga wa kijani ukivuja kwenye ufa kati ya kifuniko na vitufe, pale penye jicho la kamera. Mwanga ulipozimika, Mzee Futi naye akaondoka, bila hata kumalizia sentensi.

Akaja tena wakati Chapuchapu akigombana kwa simu na mchumba wake. Akaja wakati Mama Pazia amekaa peke yake, ameegemeza paji la uso kwenye cherehani, analia. Alisimama pembeni ya mkewe akiwa na aibu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu bila kubisha.

"Samahani," alisema. "Si mimi ninayechungulia. Ni yenyewe. Kila ikifungua jicho inataka kuhakikisha kama ni mimi, ndipo naitwa. Nikijilaza tu, naitwa."

"Mara ngapi?"

"Tangu unizike sijalala, mke wangu."

Hapo ndipo furaha ya Mama Pazia ilipokwisha. Aliona haya kwa zile siku alizomwita bila kazi, na haya ikageuka hasira, na Mama Pazia akikasirika hushona. Alimwambia mumewe apime lile jicho. Mzee Futi akatoa futi, akapima kwa makini kama anayepima dirisha la bungalo: lilikuwa dogo kuliko kichwa cha pini. Mkewe akakata kipande cha kitambaa kizito cheusi, akakipiga pindo, akakitundika kwenye uzi kwa pete zilizotengenezwa kwa waya. Likawa pazia kamili, linafunguka na kufungika. Fundi seremala alikuja kulitazama, akasema kazi safi.

Mashine iliandika: Kuna kitu kimeziba kamera, tafadhali kiondoe. Halafu ikaanza kumwita Mzee Futi mara nyingi zaidi, kwa sababu sasa haikuwa na hakika.

"Nipeni nyundo," alisema Chapuchapu. Macho yake yalikuwa mekundu. Tangu aelewe kile kitufe kilifanya nini, alikuwa haongei sana, na chakula chake kilipoa mezani kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Usijisumbue, mwanangu," baba yake akamwambia. "Sura yangu haimo humo. Iko kule."

"Kule wapi?"

Mzee Futi alifikiri namna ya kueleza. "Ni chumba kikubwa. Mashine zimepangwa safu kwa safu, zinavuma, na baridi kali. Hakuna dirisha hata moja." Alimtazama mkewe aliposema hivyo, kwa kuwa walikuwa watu wa madirisha. "Wala kiti. Tunasimama kwenye foleni, anayeitwa anakwenda, akirudi anarudi mwisho wa mstari."

"Mko wengi?" mkewe akauliza.

"Wengi sana. Na wengi wao bado wazima. Hawajui tu kama wapo kule."

Mama Pazia alizima cherehani, akavaa viatu vyake vya kutokea, akaiweka kompyuta kwenye mfuko wa vitambaa. Chapuchapu akamfuata.

Ofisi ya kampuni iliyotengeneza mashine ile ilikuwa na mlango wa kioo na kamera juu yake. Walipofika chini ya kamera, Mzee Futi akawa tayari yuko nao, anapangusa ndala zake. Ndani palikuwa na benchi refu, na mbele ya benchi dada wa mapokezi ameketi nyuma ya kompyuta yenye taa ya kijani. Alikuwa na sura ya upole na uchovu mwingi.

"Karibuni. Niwasaidie nini?"

"Nimekuja kuchukua uso wa mume wangu," alisema Mama Pazia.

"Kufuta uso, mama, lazima mwenyewe aje."

"Huyu hapa."

"Shikamoo, mzee," dada akasema. "Naomba uangalie hapa."

Mzee Futi akaangalia, akapepesa. Mashine ikamkubali. Dada akasoma, akasogeza kiti mbele, akasoma tena. "Ni yeye kabisa. Tatizo ni kwamba humu inaonyesha amefariki, na marehemu hawezi kuleta ombi."

"Basi nalileta mimi."

"Na wewe huwezi, mama, kwa sababu uso si wako."

"Kwa hiyo ni wa nani?"

Dada aligeuza kidogo kioo cha kompyuta ili waone. "Alikubali mwenyewe tuuhifadhi. Si hii hapa? Ndiyo."

Chapuchapu alisogea mbele ya mama yake. "Nilibonyeza mimi. Baba alikuwa ameshakufa tangu alfajiri."

"Mfumo haubagui, dada yangu."

"Na kuchungulia je?" Mama Pazia akauliza. "Mashine nimeifunga, nimeifunika, na bado inatukodolea macho ndani kwetu. Inatafuta nini?"

"Inahakikisha mtumiaji ni yeye."

"Mtumiaji amekufa!"

"Ndiyo maana inalazimika kuhakikisha mara kwa mara."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama anayetaja saa za kufunga ofisi. Hasira za Mama Pazia hazikupata pa kutua. Huwezi kumgombeza mtu aliyekaa tu mlangoni mwa nyumba ya mwingine. Ni Mzee Futi aliyezungumza, kwa sauti ya chini.

"Nawe nimekuona kule, mwanangu. Husimama karibu na nguzo, umejifunga kitenge mabegani."

Dada wa mapokezi akajipapasa goti chini ya meza. "Ndiyo," akasema. "Jioni miguu huniuma sana. Nilidhani ni hiki kiti." Akajisahihisha haraka, akavuta karatasi. "Mama, njia ipo moja. Tukuandikishe wewe kama ndugu wa karibu. Ukiingia kwenye mfumo, ombi lako litatambuliwa na litashughulikiwa. Unaangalia hapa tu, sekunde moja."

Taa ya kijani ilikuwa imetulia mbele yake. Mama Pazia aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa. Hakuwa mjinga, alijua maana yake. Lakini alijua pia kwamba akiangalia tu pale, atasimama kwenye foleni ile ile na mumewe, usiku na mchana, na hatalala tena peke yake kwenye kitanda kipana. Alimgeukia. Mzee Futi alitikisa kichwa.

"Usije," alisema. "Ukija, nani atashona?"

Mama Pazia akafungua mfuko wake, akatoa kipande cha kitambaa cheusi na uzi, akatundika pazia juu ya jicho la kompyuta ya mapokezi. Lilikaa vizuri. Dada hakumzuia. "Andika tu kwamba nilikuja," akamwambia. "Na uandike kwamba nitarudi."

"Haitaniruhusu kuandika, mama. Haijakuona."

"Basi kumbuka wewe, kwa kichwa chako."

Siku ile ile alipitia kwa fundi seremala, akamwagiza miguu ya viti vya kukunja. Nyumbani alishusha robota la kitambaa kizito, kile cha kuzuia jua la magharibi, akakata na kushona vikalio vya viti kwa uzi wa kushonea turubai. Chapuchapu alipigilia misumari. Alifanya polepole, anapima mara mbili kabla ya kupiga, hata mama yake akainua macho kumwangalia.

Mzee Futi alipoitwa, wakampa kiti. Akakikunja kwapani, akaondoka nacho, kama alivyoondoka na ndala.

Aliporudi hakuwa nacho.

"Umekalia?" Mama Pazia akauliza.

"Kuna bibi mmoja hajakaa tangu mashine hizi zianze. Nilimpisha."

Mkewe alimpa kingine. Hicho akakipeleka kwenye nguzo, kwa dada wa mapokezi. Cha tatu kilichukuliwa na mwalimu mmoja ambaye bado anafundisha, na ambaye, mzee alisema, alikipokea bila kuuliza kimetoka wapi.

Sasa kila Jumatatu Mama Pazia anakwenda kwenye ile ofisi, anaketi kwenye benchi na kuomba uso wa mumewe. Dada humwamkia kwa heshima, humkumbuka kwa kichwa chake, na humwambia haiwezekani. Lile pazia dogo huwa limeondolewa, naye hutundika jingine. Kwenye benchi kuna watu wengine siku hizi, wamekuja na wafu wao, na wawili watatu wamekuja kujiombea wenyewe. Wameagiza mapazia. Siku nyingine zote anashona, mapazia ya madirisha asubuhi, viti mchana, na Chapuchapu hubonyeza kitu chochote pale tu anapokuwa amekisoma chote.

Juzi taa iliwaka ndani ya mashine iliyofungwa, soksi zikapanguswa mlangoni. Ndala zilikuwa zimekwisha kabisa. Mzee Futi aliegemea meza, akafumba macho akiwa amesimama.

"Wewe mwenyewe hujakaa bado," alisema mkewe.

"Bado."

"Wamebaki wangapi mbele yako wasio na viti?"

Mzee Futi akavuta futi yake kiunoni, akaitazama, akaiachia ijikunje yenyewe. "Nilijaribu kuipima ile foleni. Futi haikufika mwisho."

Mama Pazia akabana pini mdomoni, akavuta robota jipya juu ya meza. Kisha akazitoa tena ili aseme vizuri.

"Chukua hivi viwili," alisema. "Kimoja ukikalie hapa, nikuone umekikalia, ndipo uende na hicho kingine."

Akakaa. Taa ya kijani ilikuwa bado inawaka, inawatazama wote wawili, naye Mama Pazia akaanza kukata.