Nyumba Isiyo na Ndani

Mwidani alipomwambia mamake kwamba ataka kuvunja kuta za nyumba, mamake alikuwa akichambua mchicha, wala hakuinua kichwa.

"Sawa," akasema.

"Hukunisikia, mama. Nasema kuta. Ukuta wa ukumbini, na huo wa chumbani kwako."

"Nimekusikia, mwanangu. Sawa."

Tangu alipofariki mumewe, Mzee Boga, Bi Mwanamkasi alibaki na neno hilo moja, na alimgawia kila mtu. Chai imepoa? Sawa. Mbuzi wa jirani kaingia mihogoni? Sawa. Alikaa eda yake yote katika chumba kile cha ndani, akatoka, na watu wa Likoni wakangoja alie, maana mjane asiyelia huwatia watu wasiwasi. Hakulia. Si kwamba hakumpenda Boga. Alimpenda, wallahi, na mtaa mzima ulijua. Ni kifua tu kilichomfa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Tumaini lake lilikuwa moja, na hakumwambia mtu: machozi yatakuja, na siku yatakapokuja yamkute chumbani mwake, mlango umefungwa.

Chumba chenyewe hakikuwa na cha kutazama. Kitanda, kasha, sakafu ya udongo, hata dirisha hakina. Lakini nyumba zetu ndivyo zilivyojengwa: mbele ukumbi wa kila mtu, nyuma ndani, na ndani huingii bila hodi hata kama ulizaliwa humo. Humo alimzaa Mwidani. Humo wanaume walimwosha Boga. Walichimba ufuo, lile shimo la kupokea maji ya maiti, wakamlaza juu ya kitanda cha kamba, na Mwanamkasi akakaa upande wa pili wa ukuta akisikia maji yakimwagwa na udongo ukiyanywa. Kisha wakafukia, wakasawazisha, na palipokuwa na shimo pakawa pa kukanyagwa na kila mtu. Yeye alipajua. Kila jioni alipapitishia ufagio polepole.

Sasa huyu Mwidani. Kijana mzuri, karani wa bandarini, kila asubuhi anavuka na feri, shati limepigwa pasi hata nzi hatui. Siku moja bwana wake alimtuma apeleke makaratasi nyumbani kwake Nyali, na huko ndiko alikoharibikiwa.

"Chumba kimoja, mama! Makochi hapa, meza ya kula pale, kabati la vitabu, na hakuna ukuta hata mmoja. Ukiketi mlangoni waona mpaka jikoni!"

"Na ukiona jikoni, wapata nini?" aliuliza Bi Dhahabu, jirani yao, ambaye mdomo wake haukuwa na likizo.

"Mwanga, Bi Dhahabu. Hewa. Uhuru huu hapa waja, nasi bado twaishi gizagiza! Nadhira ni msichana wa mjini, amesoma. Nimwoe nimwingize shimoni?"

Harusi ilipangwa baada ya Ramadhani, na kabla yake wakwe watakuja kuitazama nyumba. Basi fundi Katana akaitwa. Ukuta wa udongo hauna ubishi. Aliugonga, ukamwagika, akang'oa fito moja baada ya nyingine, na vumbi likafika hata msikitini. Nguzo moja tu ya katikati iligoma, kwa sababu ndiyo iliyobeba paa. Wakaiacha imesimama peke yake, Mwidani akaipaka rangi ya maziwa na kusema kwamba ni pambo.

"Mwanamkasi, umerogwa?" Dhahabu alimvuta pembeni. "Mtoto akubomolea nyumba nawe watazama tu?"

"Ataka kuoa."

"Aoe! Kwani aoa ukuta?"

Siku walipomwaga saruji nyekundu Mwanamkasi alisimama mlangoni akaitazama ikipita juu ya ufuo wa mumewe. Alijipekua moyoni kama anayetafuta ufunguo mfukoni, asipate kitu. Akaenda kuwapikia mafundi.

Mwidani alimshirikisha katika kila jambo, tusimwonee. Mapazia ya kijani au ya maua? Yoyote, mwanangu. Meza ndogo ikae kulia au hapa karibu na nguzo? Popote. Ikawekwa karibu na nguzo, na mama mtu akaona kwamba imekaa juu ya ufuo barabara. Yeye mwenyewe alipewa kona. Kitanda chake kilisukumwa nyuma ya kabati la vitabu ambalo bado halikuwa na vitabu, kikatandikwa shuka ya kitambaa kilekile cha mapazia ili vioane. Chumba cha maharusi ndicho pekee kilichobaki na mlango. Tangu hapo hakuna aliyempigia hodi. Watampigia wapi? Mtu aingia kutoka barabarani, apiga hatua mbili, amkuta mama wa watu ajifunga leso.

Siku ya wakwe nyumba iling'aa, hilo lisikataliwe. Sakafu ilipigwa dawa ukaweza kujiona meno. Mwidani alipanga wanaume na wanawake waketi pamoja makochini, kama Nyali. Loo! Wanaume walichungulia, wakaona buibui zimejaa, wakaomba radhi wakarudi barazani, wakajipanga chini ya lile dirisha kubwa jipya. Wanawake nao, wakiona vichwa vya wanaume dirishani, hawakuvua buibui. Waliketi wima juu ya makochi mapya wakitoka jasho.

Bi Mahfoudha, mamake Nadhira, alikuwa mwanamke mpole. Alisifu mapazia. Alisifu nguzo. Halafu akauliza, "Na ndani ni wapi, mwanangu?"

"Ndiyo hapa, mama."

"Hapa ni ukumbini. Nauliza ndani."

"Ni pamoja, mama. Ndiyo mtindo wa sasa."

"Aa," alisema Bi Mahfoudha, akanyoosha mkono achukue bilauri, apate kuwa na la kufanya. Mkono wa buibui ukalikumba jagi la maji. Likapinduka.

Maji yakamwagika mezani, yakatiririka chini. Yalizunguka mguu wa meza, yakaipita nguzo, yakatambaa juu ya saruji yote mpaka kizingitini, wanawake wakiinua miguu. Hakuna tone lililozama. Mwanamkasi alisimama na sinia la mahamri akiyatazama.

"Hainywi," akasema.

"Nini, mama? Nitapangusa, si kitu."

"Sakafu hainywi. Maji ya babako yalinywewa yote, niliyasikia." Alisema kwa sauti ileile ya sawa, na kila mtu alimsikia, maana hapakuwa na ukuta wa kuizuia. "Na mimi mtaniosha wapi, Mwidani? Hapa? Chini ya dirisha?"

Barazani mazungumzo yalikatika.

Ndipo machozi yakaja. Hayakungoja harusi ipite wala wageni waondoke. Mwanamkasi aliyahisi yakipanda, akaweka sinia chini kwa adabu, akageuka, akaenda haraka moja kwa moja kulikokuwa na mlango wake. Mkono aliunyoosha kushika komeo. Akashika hewa. Akasimama hapo katikati ya ukumbi, mkono bado umenyooka, akalia kilio ambacho Likoni ilikingoja tangu msiba, mbele ya wakwe, mbele ya dirisha, mbele ya barabara nzima.

"Leso!" Dhahabu aliruka. "Leteni leso, nyie! Mwakaa mwatazama?"

Wanawake hawakuhitaji kufundishwa. Kila mmoja wao alikwisha kuosha maiti, na ajua jinsi nguo inavyoshikwa juu ya aliyelala ili asionekane. Walifungua leso, wakashika pembe kwa pembe, wakamzunguka. Bi Mahfoudha alishika pembe yake, bangili zimemshuka kiwikoni. Ndani ya kuta zile za nguo Mwanamkasi aliketi juu ya saruji na kumlilia mumewe kwa jina.

Mwidani alikuwa nje ya leso, viatu vimelowa, katikati ya nyumba yake nzuri. Alizunguka upande huu, akazunguka upande ule. Mwishowe alisimama mbele ya leso moja, akainamisha kichwa.

"Hodi, mama," akasema.

"Ngoja," alijibu mamake kutoka ndani.

Akangoja.