Uzito wa Kinuyo

Jioni ilipoingia, wafanyakazi wa studio mjini Osaka walisalimiana kwa habari za asubuhi, kama ilivyo desturi ya watu wa vichekesho wa huko, hata iwe saa ngapi. Mafundi walikuwa wakiongeza vyuma chini ya jukwaa, pale ambapo mchekeshaji Sakaguchi Kinuyo angesimama. Wiki iliyopita mbao zilikuwa zimepasuka chini yake.

Kinuyo alikuwa mwembamba. Ila kila kicheko kilichompata kilibaki mwilini mwake, na vilikuwa vimempata vingi. Lifti ilipiga kengele ya uzito akiingia peke yake. Nyumbani alilala juu ya saruji, maana mikeka minene ya sakafuni ilikuwa imezama chini yake. Daktari hakumkuta na ugonjwa. Alimshauri aepuke madaraja.

Vicheko hivyo vilitoka kwa mwongozaji wake, Kuramochi Tadao. Kuramochi hakuwahi kubuni mzaha hata mmoja. Alianza kwa kubeba nyaya, na mtaji wake ulikuwa kicheko. Kwenye televisheni za huko wafanyakazi hucheka kwa sauti nyuma ya kamera, ili mtazamaji nyumbani ajue pa kucheka. Cha Kuramochi kilisikika kuliko vyote, na kila mara kilimwangukia mnyonge aliyekuwa karibu. Wakubwa wakakipenda. Wakamfanya mwongozaji, kisha mtayarishaji, na sasa walikuwa wamempa filamu aiongoze.

"Dada Kinuyo, leo beseni litakudondokea mara mbili," alisema.

"Moja haitoshi, bosi?"

"Ya kwanza watu wanashtuka, ya pili ndipo wanacheka. Miaka yote hiyo kazini, hata hilo hujui?"

Beseni la bati likaanguka, likaanguka tena. Kuramochi akacheka, na wote wakamfuata, kwa kuwa asiyecheka hakuitwa tena kazini. Vyuma vikalia kidogo.

Walipomaliza, Kinuyo alimfuata kwenye korido.

"Bosi, kwenye filamu naomba sehemu moja tu ambayo hakuna atakayecheka."

"Hii ni filamu ya vichekesho au ni matanga?"

"Nikisikilizwa kimya, napungua. Juzi nilimweleza jirani habari za mama, akanyamaza, nikarudi nyumbani mwepesi. Ukiniongezea tena, ardhi haitanibeba."

"Kwa hiyo mimi ndiye daktari wako?"

"Unyamaze tu, bosi. Sitaki kingine."

Kuramochi alitazama saa yake. "Haya. Nitanyamaza."

Wakairekodi sehemu hiyo. Kinuyo alikaa mbele ya bakuli la tambi, akasimulia jinsi mama yake, akiwa hawezi tena kumeza, alivyotafuna kipande cha tunda la persimoni ili kumfurahisha binti yake, kisha akakitema kwenye leso akidhani haonekani. Hakuna aliyecheka. Onishi, fundi sauti, alifuta macho kwa mkono wa shati. Kinuyo alipoinuka, kiti hakikulia. Siku hiyo alipanda lifti pamoja na watu wengine, na kengele ikanyamaza. Alirudi kulala kwenye mikeka. Alisimama katikati ya daraja, akala maandazi ya pweza yangali moto, akiegemea ukingo.

Katika chumba cha uhariri, Kuramochi aliitazama sehemu ile akiwa na Onishi.

"Hapa pamekufa. Weka kicheko changu."

"Bosi, ulimwahidi utanyamaza."

"Si nilinyamaza? Hiki kinatoka kwenye mashine."

Onishi alikuwa na watoto shuleni. Akakiweka.

Usiku wa onyesho la kwanza Kinuyo alikaa safu ya mbele, amevaa kimono cha kuazima. Persimoni ilipotajwa, kicheko cha Kuramochi kilitoka kwenye spika, na ukumbi mzima ukakifuata, maana watu walikuwa wamekizoea tangu utotoni. Kinuyo aligeuka, akamtazama Kuramochi mara moja. Kisha kiti kikazama naye, kikapita sakafu, kikapita maegesho ya magari yaliyokuwa chini. Wahudumu waliwaomba majirani zake wasogee, wakazungusha kamba. Filamu iliendelea mpaka mwisho, na baadaye ikapata tuzo.

Kinuyo alikuwa hai. Ukipiga magoti ukingoni mwa shimo ulimsikia. Wahandisi walisema hakuna winchi ya kumwinua. Onishi alikuwa akija baada ya kazi, analala kifudifudi, anamsikiliza bila kusema neno. Kinuyo alimsimulia habari za mama, za shule, za mume aliyemkimbia kwa kuogopa kulaliwa. Taratibu akawa anapanda. Siku ya Ijumaa utosi wake ulionekana.

Jumamosi Kuramochi alifika na kamera. Kwa desturi ya huko, mwigizaji akimaliza kazi hukabidhiwa shada la maua na kupigiwa makofi, na watu wa filamu walikuwa hawajamfanyia hivyo Kinuyo.

"Bosi, mwache," alisema Onishi. "Anapanda."

"Basi amepanda vizuri. Anaonekana kwenye kamera."

"Onishi," sauti ya Kinuyo ilitoka chini, "mwambie asi—"

Kuramochi aliachia shada. Lilimpiga Kinuyo usoni. Akacheka, na wafanyakazi wote wakacheka nyuma ya kamera. Shimoni kulisikika mawe yakipasuka, kisha mengine chini zaidi, kisha maji.

Mpiga picha aliinua kichwa. "Samahani, bosi. Picha ilikuwa na ukungu."

"Tuchukue tena," alisema Kuramochi. "Kuna shada lingine?"

"Lipo, bosi."

"Lete. Na wewe Onishi, shusha kipaza sauti, yuko mbali sasa."