Robo ya Mzunguko

Saa tano asubuhi fundi alifungua skrubu nne za kasha la hewa la pikipiki ya mdogo wake, akatoa chujio. Lilikuwa limeganda saruji hadi likawa zito kama tofali. Mdogo wake, aliyeketi kwenye benchi la gereji akishikwa mkono na mkewe, akaacha kukohoa.

Hakuna aliyeshtuka. Tangu mwaka wake wa tatu kwenye kiwanda cha saruji, mtu huyo na pikipiki yake walikuwa wakivuta pumzi moja. Ikishindwa kupanda mlima, naye anakaa chini. Barakoa zilikuwepo kiwandani, safi kabisa, kwa ajili ya wageni.

"Wifi, mwangalie midomo," fundi alisema. "Mimi naangalia injini."

Akafunga chujio jipya, akapiga kiki. Alijua kitakachotokea, maana kosa lilikuwa lake. Miezi yote chujio lilipokuwa likiziba, hewa ilipungua na petroli ikazidi. Badala ya kubadilisha chujio, yeye alikuwa akibana petroli kwenye kabureta, kidogo kidogo, ili ndugu yake asikose zamu. Sasa hewa iliingia bwerere na petroli ilikuwa ile ile ya kubanwa. Injini ikapayuka, ikalipuka kama risasi kwenye ekzosi, ikaanza kuchemka.

Mdogo wake naye akachemka. Alihema mbiombio na midomo yake ikawa myeupe.

"Dada, naungua."

"Izime!" wifi alipiga kelele. "Izime jamani!"

"Ikizimika na moto huu haiwaki tena. Nizime?"

Wifi akaanza kumpepea mumewe kwa kanga.

Fundi aliogopa. Mdogo wake huyu alikuwa amemlea yeye mwenyewe tangu ana miaka minne. Akaingiza bisibisi kwenye skrubu ya petroli, akafungua robo ya mzunguko. Midomo bado myeupe. Robo nyingine. Kichwa cha skrubu kilikuwa kimelika, bisibisi ikateleza mara mbili, akamtukana aliyetengeneza skrubu hiyo. Robo ya tatu ikazidi: moshi mweusi ukatoka, na mdogo wake akakohoa masizi kwenye leso. Akarudisha nyuma kwa upana wa kucha.

Injini ikatulia. Mdogo wake akavuta pumzi ndefu, akauliza kama kuna chai. Wifi alilia kwa furaha, wala hakuficha.

"Usirudi kule," fundi alisema.

"Zamu inaanza saa nane, dada. Nisipoenda tutakula nini?"

Akaenda. Wiki hiyo daktari wa kiwanda aliwapima wote vifua, akaandika kwamba cha huyu ndicho kizima kuliko vyote, na kwamba alisema amebadilisha tu chujio la pikipiki. Kwa sababu hiyo msimamizi akampangia zamu mbili kwa siku. Kwenye ubao wa getini likabandikwa tangazo: wafanyakazi wote wabadilishe machujio ya pikipiki zao, na wasio na pikipiki watafute.

Siku ya tisa fundi alisikia pikipiki ya mdogo wake ikikohoa kwenye kona kabla hajaiona. Nyuma yake zilikuja nyingine kumi na moja, zote zikikohoa pamoja na waliozipanda. Alifuta mikono, akachukua bisibisi, akawaambia wasogeleane ili benchi liwatoshe.