Kukimbilia Dirishani

Mimi ndiye ninayeshona mavazi ya kikundi cha maigizo cha vijana, na kama si binti yangu kupewa nafasi ya mhusika mkuu, ningeshafunga cherehani yangu nikaenda zangu. Mchezo umetolewa kwenye riwaya ya mtoto anayekulia katika mtaa wa risasi. Mtaa wetu hauna tofauti na huo, ila wetu haujaandikwa.

Kilichonichefua ni onyesho la tatu. Bunduki inalia, yaani mbao mbili zinagonganishwa nyuma ya pazia, na watoto wote wanakimbilia dirishani kumwona aliyeanguka. Ndivyo kitabu kinavyosema. Lakini kila mbao zilipolia, vijana walianguka pu, kifudifudi, mikono kichwani. Wote! Hayo walifundishwa majumbani kabla hawajajua kusoma.

"Inukeni!" mwongozaji alifoka. "Mnaniharibia onyesho! Nani atawaona mkiwa mmelala?"

"Mwalimu, mwili wenyewe ndio unaanguka," binti yangu alijitetea.

"Basi uambie huo mwili kuna mwenzako anaimezea mate nafasi yako."

Damu ilinichemka. Nikaacha kitambaa kwenye sindano, nikamfuata. "Mwanangu nimemfundisha kulala chini tangu ananyonya. Wewe unamfundisha nini?"

"Mama, hii ni sanaa," alisema, kwa ile sauti ya kubembeleza mtoto. "Mbao haziui mtu."

Nilisema mpaka koo likakauka. Ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa. Binti naye akatia pamba masikioni. Alifanya mazoezi jikoni, mdogo wake akimgongea mifuniko ya sufuria, yeye mbio dirishani, mpaka nikaificha mifuniko yote. Nilimwambia, machozi yakinilengalenga, kwamba nafasi hiyo siitaki.

"Lakini mimi naitaka, Mama," akanijibu.

Wiki ya mwisho walikuwa wameiva. Alasiri moja walikuwa wamekaa wakipitia maneno yao, mimi nakunja pindo la suruali, mara mlio ukasikika. Mpiga mbao alikuwa mbele yangu, anakunywa maji. Mbao zilikuwa sakafuni.

Nilijitupa chini. Mwongozaji nilikutana naye huko huko, chini ya meza ya cherehani, kitabu amejifunika kichwani. Lakini vijana walinyanyuka kwa pamoja, wakakimbilia dirisha la ukumbi, lile la kweli linalotazama barabarani, wakajipanga kama walivyozoeshwa, vifua mbele.

"Laleni!" nilipiga kelele. "Laleni chini!"

Mlio wa pili ukaja. Hakuna hata aliyegeuka. Nikatambaa, nikamkamata binti yangu miguu, nikamwangusha na kumlalia.

"Mama, niachie!" alifurukuta chini yangu, amekasirika kwelikweli. "Leo nilikuwa wa kwanza!"